Miguu Kwanza: Matunzo ya Nyumbani ya Nyayo, Ngozi na Nywele

Mhadhara uliotolewa mbele ya wauguzi, walimu, wasusi, vinyozi na viongozi wa mitaa. Unachapishwa hapa karibu kama ulivyosemwa.

Wapo waliofunga biashara mapema ili waje kusikiliza habari za visigino na mba. Si mada inayopigiwa ngoma. Lakini kila aliyemo humu ukumbini amekuja na miguu yake, ngozi yake, na nywele zake au kumbukumbu za nywele zake.

Kusudi la mhadhara huu ni moja: kuonyesha kwamba matunzo ya nyumbani yanayofaa kweli ni machache, ni ya bei ndogo, na mengi yake ni ya kuacha kuliko ya kufanya. Hoja ziko tano. Ya kwanza itachukua nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu inahusu yanayowakatisha watu miguu. Wenye haraka ya nywele wavute subira.

Hoja ya kwanza: mguu hutazamwa mwisho, na hapo ndipo shida huanzia

Uso hutazamwa kwenye kioo kila asubuhi. Nyayo hazina kioo. Mtu aweza kumaliza mwezi mzima hajaona chini ya mguu wake, na kwa mwenye afya njema hilo halina neno, maana akikanyaga msumari ataruka. Kwa mgonjwa wa kisukari ni habari nyingine. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni kupanda juu, na mguu ukaingia ganzi. Msumari ukichoma, mwenye mguu anaendelea na safari yake.

Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana anayeumwa hashtuki. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dk. Zulfiqarali Abbas, walichapisha katika jarida la Diabetic Medicine habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usingizini. Hapo hakuna panya aliyepuliza. Mguu wenyewe ndio uliokufa ganzi. Mgonjwa anaamka na kukuta kidonda, na kwa kuwa hakimuumi, anakichukulia kuwa kidogo hadi kinapoanza kunuka. Basi mwenye kisukari anayeishi nyumba yenye panya ajue kwamba chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinamkinga na zaidi ya mbu.

Huyo huyo Dk. Abbas na wenzake walianzisha Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Step by Step. Daktari mmoja na muuguzi mmoja kutoka hospitali za mikoani walifundishwa pamoja kukagua na kutibu miguu ya wagonjwa wa kisukari, kisha wakarudi kwao kuwafundisha wengine. Idadi ya miguu iliyokatwa ikapungua. Haikuletwa mashine ya ajabu. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kumvua mgonjwa viatu, kumtazama, na kumfundisha ajitazame mwenyewe.

Nyumbani mambo ni haya. Jioni miguu ioshwe kwa maji ya vuguvugu, na joto lipimwe kwa kiwiko, si kwa mguu wenyewe. Ikaushwe vizuri, hasa katikati ya vidole. Ipakwe mafuta juu na chini, lakini katikati ya vidole paachwe pakavu, kwani unyevu wa pale ndio unaolea fangasi. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni au amwite mjukuu mwenye macho mazuri. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kokoto moja ikishinda kiatuni kutwa nzima inatosha kuzaa kidonda ndugu. Viatu vipya vinunuliwe alasiri, mguu ukiwa umekwisha kujaa kidogo kwa shughuli za siku. Na ule mtindo wa kuota moto wa jiko la mkaa huku nyayo zimeelekezwa kwenye makaa, unaopendwa sana Njombe na Limuru msimu wa baridi, mwenye ganzi auache kabisa. Ataungua asijue.

Ndugu zetu wanaotawadha mara tano kwa siku wana bahati: miguu yao huoshwa kuliko ya wengine, na wengi hupitisha kidole kati ya vidole kama walivyofundishwa. Tatizo ni pale maji hayajakauka na soksi zinarudi mguuni. Kitambaa kidogo mfukoni kinamaliza kazi.

Sasa magaga. Kisigino hupasuka kwa sababu ngozi yake ni nene na kavu, nayo hubebeshwa uzito wote wa mwili juu ya ndala isiyoushika mguu pembeni. Wengi wetu tumeona dawa ya wembe: mtu anakaa kibarazani na kujichonga kisigino. Wembe hukata usipotakiwa, na ngozi iliyochongwa huota nene zaidi. Njia ya polepole ndiyo njia. Loweka miguu dakika 10 hivi, sugua kwa jiwe la kusugulia miguu bila kukamia, kausha, paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, vaa soksi za pamba, ulale. Asubuhi inayofuata utaona nafuu kidogo. Ukishikilia, baada ya wiki mbili mipasuko huwa imeanza kufunga. Ikikaidi, maduka ya dawa yana krimu ya urea ya asilimia 10 hadi 25, inayolainisha ngozi ngumu. Mwenye kisukari asiloweke miguu wala asiisugue kwa jiwe. Aoshe, apake, na ngozi iliyokomaa aipeleke kliniki.

Funza nao wasisahauliwe, maana bado wanawatesa watoto wa Kilifi, Kwale, Busoga na kwingineko. Mdudu huyu si mwenyeji. Kwao ni Amerika ya Kusini, na inasimuliwa kwamba alishuka Angola mwaka 1872 na meli ya Thomas Mitchell iliyotoka Brazili. Haukupita muda akawa ameshalivuka bara hadi pwani yetu, akisafiri miguuni mwa wapagazi na askari. Jike huingia ndani ya ngozi, huvimba kwa mayai, huyatoa nje kwa muda wa wiki mbili au tatu, kisha hufa humohumo. Pini moja inayozungushwa kwa watoto watano hueneza magonjwa ya damu, na tundu linalobaki ni mlango wa pepopunda. Kinachofaa ni kunawa miguu kwa sabuni kila siku, viatu, na sakafu iliyosakafiwa, au kama ni ya udongo, inayonyunyizwa maji na kufagiliwa. Anayetaka kumaliza funza mtaani aanze na sakafu, pini baadaye.

Hoja ya pili: sabuni ipungue, mafuta yawahi

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, nalo limejengwa mithili ya ukuta: chembe bapa zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaozishika. Ukuta huo una uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Kila ikisuguliwa kwa dodoki gumu, asubuhi na jioni, mwili mzima, huondoka nao ule udongo. Ngozi inabaki nyeupe kama vumbi, inawasha, na mwenyewe anaamini kwamba bado ni mchafu, kwa hiyo anaongeza sabuni.

Kwapa, kinena na miguu vinahitaji sabuni kila siku. Mikono, tumbo na mgongo wa mtu asiyefanya kazi ya vumbi huridhika na maji tu siku nyingi. Mama mwenye mtoto wa ukurutu hasa alishike hili: kuoga kuwe kwa muda mfupi, maji yasiwe ya moto, sabuni isiwe ya manukato.

Kisha mafuta, na hapa wakati ni muhimu kuliko bei. Mafuta ya mgando, yaliyopewa hataza Marekani na Robert Chesebrough mwaka 1872, hayaongezi maji kwenye ngozi. Huyazuia yaliyomo yasitoke. Yakipakwa kwenye ngozi kavu hufungia ukavu ndani. Yakipakwa ndani ya dakika chache baada ya kuoga, taulo likiwa limegusa tu, hufungia maji ndani. Kopo ni lile lile, kazi ni mbili tofauti.

Mafuta ya mimea nayo hayalingani. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yalidhoofisha tabaka la juu la ngozi, ilhali ya alizeti hayakulidhuru. Wanaotoka Singida, kwenye mashamba ya alizeti, wanaruhusiwa kutabasamu.

Jua lina watu wake linaowaonea. Tanzania mtu mwenye ualbino hukadiriwa kuwa 1 katika kila 1,400, na saratani ya ngozi imewaua wengi wao wakiwa vijana. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Kazi ya nyumbani ni kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na kupanga kazi za nje zisiangukie kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Mwalimu aliyemo humu anaweza kuanza kesho: mtoto mwenye ualbino asisimamishwe gwaride la saa 4, na darasani akae mbele, upande wa kivuli.

Hoja ya tatu: jiko si duka la dawa

Hapa mhadhara utawaudhi baadhi ya wapenzi wa vitu vya asili.

Ndimu ni tindikali, pH yake ikiwa karibu na 2. Zaidi ya hapo ina kemikali ambayo ikikutana na jua juu ya ngozi huleta malengelenge, kisha doa jeusi linalokaa kwa wiki au miezi. Aliyejipaka ndimu ili aondoe doa, akatoka mchana kwenda sokoni, amejipandia doa jingine. Dawa ya meno juu ya jeraha la moto haipozi. Inahifadhi joto na kumpa muuguzi kazi ya kuibandua. Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi.

Mkorogo, ule wa kujichubua ngozi, unastahili maneno machache, kwa kuwa wengi wameshayasikia na bado unauzwa. Ndani ya vile vikopo visivyo na lebo huwamo haidrokwinoni, steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki. Zebaki huharibu figo, tena haibaki kwa aliyejipaka: huhamia kwenye taulo, mto na mtoto anayelala kifuani. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka ukomo wa miligramu 1 ya zebaki kwa kilo ya vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuufuta hata ukomo huo, ili zebaki isiongezwe kwenye kipodozi chochote. Anayetaka kuacha krimu yenye steroidi baada ya miaka aende kwa daktari ampangie kuipunguza. Akiikata ghafla uso hulipuka, na wengi huirudia kwa hofu.

Na piko, ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Unguja. Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa. Rangi yake ni ya chungwa hadi kahawia iliyoiva, nayo hutaka saa kadhaa kushika. Piko, yaani ule weusi wa wino unaoshika upesi, mara nyingi ni unga wa kutia nywele rangi nyeusi, wenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Humu ukumbini wapo waliomwona bi harusi au mtoto wa sikukuu mwenye malengelenge yaliyofuata maua yaleyale yaliyochorwa, jani kwa jani. Jeraha hupona, lakini mzio hubaki maisha yote, na miaka baadaye mama huyo akipaka nywele rangi ya kuficha mvi, uso unaweza kuvimba macho yakafunga.

Hata hina safi isipakwe mtoto mchanga. Wapo wazaliwao na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kawaida sana penye historia ya malaria, na hina inaweza kuvunja chembe zao za damu.

Hoja ya nne: nywele huvunjwa na mkono

Unywele wetu wa kipilipili hauna kasoro. Una umbo lake. Kwa kuwa umejikunja, mafuta ya kichwani hayashuki hadi ncha, na kila pindo ni mahali unapoweza kukatika. Huota karibu sentimita 1 kwa mwezi. Anayelalamika kwamba nywele zake hazikui mara nyingi zinakua sawasawa, ila zinakatikia nchani kwa kasi ileile.

Kwa hiyo zichanwe zikiwa na maji au mafuta, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda kwenye shina. Kuosha mara moja kwa wiki au kila wiki mbili kwatosha wengi. Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu hawakungoja maabara iwaambie, yana ushahidi wake: mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, waliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya madini, wakakuta ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele. Wenye shaka watauliza nani aliwalipa, na wana haki: walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hata hivyo sababu waliyoitoa ina mantiki. Asidi ya lauriki ni ndogo na imenyooka, hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Yapakwe usiku wa kuamkia siku ya kuosha.

Wasusi, hili ni lenu. Twende kilioni iliyokazwa hadi nyusi zinapanda, au rasta nzito zilizofungwa juu kama kilemba, huvuta mizizi. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzake walikuta karibu thuluthi moja ya wanawake waliowachunguza wana upara wa kuvutwa, ule unaoanzia pembeni mwa paji. Mwanzoni nywele hurudi msuko ukiachwa. Baada ya miaka, mzizi hufa na penye kovu hapaoti kitu. Mteja akisema anaumwa, au akionekana na vipele vyeupe kando ya msuko, fundi afumue palepale. Msuko usiouma usiku ule wa kwanza ndio uliosukwa sawa.

Dawa ya kulainisha nywele hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani ya unywele, na pH yake hupita 12. Ichomapo, ngozi inaungua. Si dalili kwamba imekolea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikadiria kwamba hatari ya saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, na asilimia 4.05 kwa wanaozitumia mara kwa mara. Hatari bado ni ndogo, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kisababishi. Lakini unatosha kumfanya mama asimwekee dawa binti wa darasa la tatu.

Wanaume mnacheka, kumbe vipele vya kidevu na vya kisogo ni vyenu. Ndevu zilizonyolewa hadi chini hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Mwambieni kinyozi aache kivuli cha nywele, kama milimita 1, na asipitishe mashine mara ya pili palipo na kipele.

Hoja ya tano: pana mahali ambapo nyumba hukoma

Mapunye ya mtoto hayaponi kwa kupaka, hata krimu iwe ghali vipi, kwa sababu fangasi wamo ndani ya mzizi wa unywele. Yanahitaji vidonge vya wiki kadhaa, na ndugu zake wakaguliwe. Baka lililopauka lisilosikia pamba ikiligusa linaweza kuwa ukoma, ambao hutibiwa bure na hupona. Na doa jeusi jipya kwenye unyayo, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, lisipewe jina la jeraha la mpira. Bob Marley alianza hivyo kwenye kidole gumba cha mguu. Ikagundulika ni saratani mwaka 1977, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Weusi wa ngozi haukingi nyayo na kucha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ndiyo yaliyokusudiwa, na maswali yanakaribishwa. Kabla ya hapo kuna maombi matatu kwa miezi ijayo. Viongozi wa mitaa waweke funza na sakafu za shule kwenye ajenda kabla ya mvua kukatika, kwa kuwa msimu wa vumbi ndio msimu wa mdudu huyo. Saluni zibandike ukutani onyo la piko nyeusi, kwa maandishi makubwa, na wasusi wawe wa kwanza kukataa. Na kila mwenye kisukari anayesikiliza, au mwenye mzazi mwenye kisukari, akifika kliniki safari ijayo avue viatu na soksi zote mbili kabla hajaulizwa, na asivivae tena mpaka mtu amemtazama nyayo.